Mshenga Asiyetumwa



Ndugu wapendwa, wiki hii naomba mnivumilie, kwa maana nitaandika juu ya mchezo wa kompyuta. Najua wapo wazee wetu watakaosema kwamba Padre amekosa la kuandika. Lakini vijana wetu wengi wanaujua mchezo huu, kama si kwa kuucheza wenyewe basi kwa kuwatazama wengine wakiucheza katika video za YouTube, na maswali yao hunifikia baada ya Misa mara nyingi zaidi kuliko maswali juu ya Utatu Mtakatifu. Aidha, nimekwisha kusikia namna mbili za kuuzungumza, ya kuulaani na ya kuutetea, nazo zote mbili zimenikera. Wanaoulaani wanalaani kisichokuwa kiini chake. Wanaoutetea wanasifu hasa sehemu ile iliyooza kuliko zote.

Mchezo wenyewe unaitwa Yandere Simulator. Ulianza kutengenezwa mwaka 2014 na Mmarekani mmoja ajulikanaye kwa jina la YandereDev, akawa anautoa kwa umma kipande kwa kipande ungali haujakamilika. Tarehe 31 Agosti 2020 lilitoka toleo la kuonja, lenye mshindani mmoja tu kati ya kumi waliokusudiwa. Na mwaka 2021 ikaongezwa sehemu inayorudi nyuma hadi miaka ya 1980, ambayo ndani yake mchezaji huwa mama wa yule msichana wa hadithi ya kwanza. Neno lenyewe yandere ni la Kijapani. Limeungwa kwa maneno mawili, moja la kuugua na jingine la kulegea kwa mapenzi, na Wajapani hulitumia katika katuni zao kwa mtu ambaye mapenzi yamemgeuka ugonjwa, hata awe tayari kumdhuru yeyote atakayemkaribia mpenzi wake.

Yote hutukia katika shule ya sekondari ya kubuni huko Japani, iitwayo Akademi. Msichana, Ayano Aishi, tangu kuzaliwa hajapata kuhisi kitu chochote, si furaha wala huzuni, mpaka siku alipokutana na kijana mmoja wa darasa la juu yake, ambaye mchezo humwita Senpai tu, yaani mwanafunzi aliyetangulia. Siku hiyo moyo uliokuwa mfu ukaanza kudunda. Lakini kila wiki hutokea msichana mwingine ampendaye kijana huyohuyo, na siku ya Ijumaa msichana huyo atamwita chini ya mti wa cheri amwungamie mapenzi yake. (Neno hili “kuungama” nalitumia hapa kwa shingo upande, lakini sina jingine.) Kazi ya mchezaji ni moja: kuhakikisha kwamba Ijumaa ile haizai matunda. Mshindani aondolewe. Na mchezo hautumii neno jingine ila hilo, kuondoa, awe ameondolewa kwa kisu au kwa ua la waridi.

Njia za kuondoa ni nyingi. Yumo wa kuuawa kwa silaha, wa kutiliwa sumu, wa kusukumwa kutoka paani. Yumo wa kutekwa nyara na kufungwa chini ya nyumba. Yumo wa kusingiziwa makosa mpaka afukuzwe shule, na yumo wa kuzushiwa maneno mpaka wenzake wamtenge, na kutengwa huko kumfikishe mahali pa kujitoa uhai. Kisha zipo njia ambazo watetezi huziita za amani: kumfanya rafiki na kumtatulia shida yake ili aache kumfuata kijana, au kuivuruga miadi yake. Na juu ya hizo zote ipo ile inayosifiwa sana, kumtafutia mshindani mchumba mwingine.

Hapo ndipo nitakapokaa leo, kwenye huo uchumba. Ila kwanza nimalizane na kisu.

Wanaoulaani mchezo huu huanza na damu na huishia kwenye damu. Mwezi Januari 2016 mtandao wa Twitch, ambao watu huutumia kurusha michezo yao moja kwa moja, uliuingiza Yandere Simulator katika orodha ya michezo isiyoruhusiwa kuonyeshwa humo. Kwa wahubiri wengi hilo lilitosha kuwa hukumu. Nami sisemi kwamba damu ile ni jambo dogo. Nasema tu kwamba hoja ya damu peke yake ni dhaifu, na vijana wetu wanajua kwamba ni dhaifu, ndiyo maana hawatusikilizi. Mnamo mwezi Machi 2020 Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilirudia kutamka kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kusema kuwa michezo ya kikatili ndiyo isababishayo ukatili wa kweli, ingawa kilikiri kwamba ipo michezo inayoambatana na ukali wa maneno na wa kusukumana. Anayesimama altareni na kutangaza kwamba kila kijana aliyeshika kisu cha kompyuta kesho atashika cha jikoni anasema asichoweza kukithibitisha, naye ajiandae kuchekwa.

Wala kujificha si dhambi. Sote tulicheza kombolela. Ile hali ya kubana pumzi nyuma ya ukuta, ukimsikia anayekutafuta akipita, ni raha ya zamani kuliko umeme. Wapo mafundi walioijengea raha hiyo michezo mizima: Metal Gear ilitoka huko Japani mwaka 1987, na Hitman ya kwanza ilitoka Denmark mwaka 2000. Katika Metal Gear mchezaji ni askari aliye peke yake ndani ya ngome ya adui, naye huwakwepa walinzi wenye bunduki. Sasa jiulizeni, wapendwa, katika shule ya Akademi mchezaji anamkwepa nani? Anamkwepa mwalimu wa zamu. Anamkwepa mwanafunzi anayekula chakula chake cha mchana. Hapa hapana adui hata mmoja; waliomo ni wenzake tu, na kosa lao ni kwamba wana macho.

Na mchezo umeyapanga macho hayo kwa ustadi ambao sitaudharau. Vipo vipimo. Kimoja ni cha utimamu wa akili, ambacho hushuka kila anapoua, na kikishuka sana mikono huanza kutetemeka na wenzake huanza kumkimbia. Kingine ni cha sifa yake mbele ya wanafunzi. Cha tatu, na kwa maoni yangu ndicho kilichobuniwa vizuri kuliko vyote, ni cha hali ya hewa ya shule yenyewe: kila kifo kinapojulikana rangi za majengo hufifia, nyuso hunywea, uongozi wa shule hufunga kamera na mitambo ya kukagua vyuma mlangoni. Baada ya kuua inambidi afute damu kwa ndoo na dawa ya kuondoa madoa, ile tunayoiita jiki, aoge, abadili sare, ateketeze nguo na silaha katika tanuri la taka kabla askari hawajafika. Nani anaweza kusema kwamba mchezo huu haujui kuwa kuua kuna gharama? Unajua. Umeipigia hesabu hadi tone la mwisho.

Ni kwa sababu hiyohiyo naulaumu. Mwenye kujua kuhesabu hutuonyesha pia kile alichoamua kutokihesabu.

Njooni sasa kwenye uchumba. Mchezaji aliyechagua njia hii humtafuta mvulana anayempenda yule mshindani kimya kimya, pasipo kuthubutu kusema. Humrekebisha: humshauri juu ya nywele zake, miwani yake, mapambo yake, mpaka afanane na yule ambaye binti angempenda. Wakati huohuo humchunguza binti. Husikiliza mazungumzo asiyoalikwa, hujifunza nini kinamfurahisha na nini kinamchukiza. Kisha humtilia mvulana maneno kinywani, lipi alisifu, lipi alizungumze, zawadi ipi aitoe. Kipimo cha mapenzi hupanda hatua kwa hatua, na kikijaa, wawili wale huwa wapenzi. Mshindani ameondolewa. Hapakudondoka tone la damu. Na vile vipimo nilivyovitaja, cha akili, cha sifa, cha hewa ya shule? Kazi yote ile haikuvigusa. Jua linang'aa kama Jumatatu asubuhi.

Watetezi hunyanyuka hapo kwa shangwe. Padre, husema, si unaona? Mchezo unakupa njia njema, na ukichagua mbaya basi ubaya ni wako. Wawili wamependana, hakuna aliyelia, shule imetulia. Kijana mmoja mwenye akili sana aliniambia kwamba hiyo ni kazi ya mshenga tu, nasi Waswahili tuna washenga tangu enzi, mbona hatuwalaani?

Nashukuru kwa neno hilo, kwa kuwa ndilo litakalotufikisha.

Mshenga ni nani? Ni mtu aliyetumwa. Ametumwa na mwenye haja, na aendako hufika kwa mlango wa mbele, mchana, akiwa amevaa kanzu yake au suti yake, na kabla hajakaa wenyeji wanajua kalipokea neno la nani. Akiambiwa hapana hurudi na hapana. Akiambiwa subiri hurudi na subiri. Hana lake. Katika Maandiko, mtumishi wa Abrahamu aliyeagizwa kumtafutia Isaka mke hakukubali hata kula kabla hajasema ametumwa na nani na kwa jambo gani, na mwishowe binti mwenyewe, Rebeka, akaulizwa kama yuko radhi kwenda. Hayo mawili, jina la aliyetuma na ridhaa ya anayeposwa, ndiyo yanayoufanya ushenga uwe ushenga. Yaondoe hayo, na lugha yetu haikosi neno la kumwita anayebaki: anaitwa kuwadi.

Ayano Aishi hakutumwa na mtu. Yule mvulana hakumwomba. Amemkuta akiwa na kiu akaamua kuitumia kiu yake. Yule binti haulizwi chochote. Anapimwa, kama fundi apimavyo kufuli ili achonge ufunguo wa bandia. Na wote wawili watakwenda zao wakishikana mikono, wakiamini kwamba mapenzi yao yameota yenyewe. Watetezi wanasema hakuna aliyelia. Hilo kweli. Hawana habari kwamba walitumiwa, basi watalia kwa ajili ya nini?

Niliposoma teolojia ya maadili seminarini tulifundishwa kwamba tendo la mtu hupimwa kwa mambo matatu: tendo lenyewe, nia ya mtendaji, na mazingira. Moja likiharibika, tendo zima limeharibika, kama maziwa yaliyoingia tone la mafuta ya taa. Watetezi wameshika mazingira (hakuna aliyeumia) na sehemu ya tendo (ameunganisha wawili), wakaiacha nia mlangoni. Na nia ni ileile ya kisu. Haikubadilika hata kidogo. Msichana anayemtafutia mwenzake mchumba anamtaka aondoke duniani mwa Senpai, sawasawa na yule anayemsukuma paani. Tofauti yao ni ya usafi, kwamba huyu hahitaji ndoo.

Karol Wojtyła, kabla hajawa Papa Yohane Paulo II, aliandika juu ya jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1960, Upendo na Wajibu, na fundisho lake kwa ufupi ni kwamba mtu si chombo, wala hana namna nyingine ya haki ya kutendewa ila kupendwa. Ukimtumia mtu kwa upole bado umemtumia. Wapo wanaodhani kwamba kinyume cha upendo ni ukatili tu, basi wakikosa ukatili wanadhani wamekwisha kuuona upendo.

Tena mkumbukeni mfalme Daudi. Sisi huikumbuka ile barua aliyomkabidhi Uria, iliyobeba kifo cha aliyeibeba, tukasahau kwamba kabla ya barua Daudi alijaribu njia ya amani. Alimwita Uria kutoka vitani, akamwuliza habari kwa upole, akamwambia ashuke nyumbani kwake kwa mkewe, akamfuatishia na zawadi. Siku ya pili akamlewesha. Mpango ulikuwa kwamba Uria alale na mke wake mwenyewe, ndoa yake mwenyewe, ili mimba ya Daudi ipate kifuniko. Lau Uria angeshuka nyumbani usiku ule, hapana damu ambayo ingemwagika, na Yerusalemu ingelala usingizi mzuri. Je, Daudi angekuwa mwema? Zile zawadi na ile barua zilitoka katika mkono mmoja na kwa ajili ya jambo moja. Barua ilikuja tu kwa kuwa zawadi zilishindwa. Na ndivyo ilivyo kwa mchezo huu: anayeanza na ushenga wa gizani ukamkwamia Alhamisi, kisu kiko palepale mfukoni, na Ijumaa ni kesho.

Sheria ya Kanisa nayo inalijua jambo hili. Kanuni ya 1090 ya mwaka 1983 inasema kwamba anayemwua mume au mke wa mtu ili amwoe mtu huyo, ndoa hiyo anaijaribu bure, ni batili. (Najua, washindani wa Senpai si wake zake, na kanuni ile haiwahusu kwa herufi, nisije nikaandikiwa barua na wanasheria.) Lakini hatua nane mbele ipo kanuni ya 1098, isiyo na damu hata chembe, nayo yabatilisha ndoa ya aliyerubuniwa kwa hila ili akubali, ikiwa hila hiyo inahusu sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake yaweza kuyavuruga sana maisha yao ya pamoja. Kanisa limeziweka karibu karibu, ya muuaji na ya mrubuni. Halikuona kwamba ya pili ni jambo la kuchekelea.

Najua lipo jibu la mwisho la watetezi: ni kichekesho, Padre, hakuna anayekichukulia kwa uzito. Sawa. Kuna mahali mchezo unachekesha kwa kweli. Hata hivyo tazameni kilichochukuliwa kutoka kwa watu halisi wenye nyama na damu.

Mwezi Oktoba 1999 mwanafunzi wa chuo kikuu, msichana wa miaka 21, aliuawa kwa kisu mbele ya kituo cha treni cha Okegawa, katika mkoa wa Saitama, Japani. Nyuma ya mauaji yale alikuwako mwanamume aliyekuwa mpenzi wake, ambaye msichana alikwisha kumwacha. Na kisu hakikuwa mwanzo. Ilitangulia miezi ya kufuatwafuatwa na kutishwa, na karatasi zenye picha yake na maneno ya kumchafua zikabandikwa mitaani karibu na nyumbani kwao. Yeye na wazazi wake walikwenda polisi, wakapuuzwa. Baadaye askari waliohusika walitiwa hatiani kwa kuchezea maandishi ya malalamiko yale. Ni baada ya kifo chake ndipo Bunge la Japani, mwezi Mei 2000, lilipopitisha sheria dhidi ya kumfuatafuata mtu, na tangu hapo limelazimika kuipanua mara kwa mara: mwaka 2013 kwa ajili ya barua pepe, mwaka 2016 kwa ajili ya mitandao ya kijamii, mwaka 2021 kwa ajili ya vifaa vinavyoonyesha mtu alipo. Kila mara mfuatiliaji alikuwa hatua moja mbele ya sheria. Sasa soma tena orodha ya njia za kumwondoa mshindani, utazikuta karatasi zile, utaukuta uzushi ule. Ndizo zilizo kati ya kisu na uchumba.

Hali kadhalika kule kuonewa shuleni hata kufa. Mwaka 2011 mvulana wa miaka 13 katika mji wa Otsu alijitoa uhai baada ya kuonewa na wenzake, na uchungu wa taifa zima ndio uliozaa sheria ya mwaka 2013 ya kuzuia uonevu shuleni. Katika Akademi hiyo ni njia mojawapo, nayo ina faida zake, kwani mwuaji hahitaji hata kuwapo.

Na picha. Hili nitalisema kwa haraka kwa sababu ya staha. Kwa miaka mingi ndani ya mchezo huu msichana mmoja muuza siri, aitwaye Info-chan, alikuwa akilipwa kwa picha za nguo za ndani za wanafunzi wa kike zilizopigwa kwa kuviziwa, na kwa malipo hayo humpa mchezaji habari na misaada, ile ya kumfahamu mshindani ikiwamo. Huko Japani jambo hilo ni jeraha kubwa kiasi kwamba simu nyingi zinazouzwa nchini humo hulia kila zinapopiga picha na mlio huo hauzimiki, na mwezi Julai 2023 ikaanza kutumika sheria mpya ya nchi nzima dhidi ya picha za namna hiyo. Kwa hiyo hata ile njia “ya amani” yaweza kuwa imejengwa juu ya aibu ya mabinti ambao hawamo kabisa katika ugomvi. Anayetaka kuniambia kwamba mikono yake ni misafi aniambie kwanza habari zake amezinunua kwa sarafu gani.

Lakini katika yote haya yupo mtu mmoja ambaye watetezi na walaani wote wamemsahau, naye ni Senpai. Hebu mtazameni. Yeye ndiye sababu ya kila kitu, na hakuna mchezoni aliye mtupu kumzidi. Hatuambiwi anampenda nani. Hakuna kipimo cha furaha yake. Wasichana kumi wanamjia, wenye sura, tabia na historia zao, na huenda mmoja wao angekuwa kweli mke wa ujana wake. Lakini hatapewa nafasi ya kusema ndiyo wala hapana, kwa kuwa kila swali litakuwa limeondolewa kabla ya kumfikia. Mwishoni atabaki na msichana mmoja tu mbele yake. Hiyo ndiyo inaitwa kushinda. Mimi naita kumfungia mtu katika chumba chenye mlango mmoja kisha kumpongeza kwa kuuchagua.

Jambo la ajabu ni kwamba mchezo wenyewe unalijua hilo, kwa maana upo wakati mmoja ambao ndani yake unasema kweli. Ayano aweza kuonekana na mwalimu akapambana naye, aweza kuonekana na mwanafunzi akamtishia. Lakini akionekana na Senpai akiwa anaua, mchezo umekwisha papo hapo. Anaanguka chini moyo umevunjika, na hakuna ndoo wala tanuri litakalomsaidia. Wahenga walisema penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika, na huyu ameishi kwa kulificha penzi lake na kila alilolitenda kwa ajili yake. Anajua kwamba yule ampendaye, siku atakapomjua, hatampenda. Basi anachokitafuta kwa wiki kumi ni kupendwa na mtu asiyemjua, na kuhakikisha kwamba hatamjua kamwe.

Yule kijana mwenye akili aliniuliza mwishoni, kama mtu anayenitega: Padre, sasa wewe ungecheza vipi? Nikamjibu kwamba ningefanya kitu ambacho mtengenezaji hakukiwekea kitufe. Ningemwendea Senpai siku ya Jumatatu, mchana, mbele ya shule nzima, nimwambie jina langu na haja yangu, nimwachie ajibu. Akacheka, akasema hapo mchezo utakwisha kwa dakika moja, na huenda Senpai akasema hapana.

Nikamwambia ndiyo, huenda akasema hapana.